Mtu Aliyetoka Nje ya Kikao

Karatasi ile ilikuwa safi mno, na Inspekta alikuwa mwanamke wa kuvishuku vitu visafi. Tangu saa tatu asubuhi alikuwa ameisoma mara nne katika ofisi ndogo ya Nyumba ya Wauguzaji, akiwa amekalia kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mbovu. Kila alipofika chini, kwenye zile sahihi mbili, alirudi juu akaanza upya, kama mama anayempekua mtoto mifukoni huku akijua fika kuna peremende.

Nyumba yenyewe haikuwa na makuu. Vitanda kumi na tisa, jiko moja, kamba za kuanikia nguo uani, na geti lililotazamana na geti la hospitali kuu. Waliolala humo walitoka mbali kuja kuuguza watu wao. Wengi walikuwa kina mama wenye watoto waliolazwa kwa miezi. Hawakulipa kitu. Shirika lililowahifadhi lilikuwa dogo, la kujitolea, na bodi yake ilikuwa na wajumbe watano tu. Wiki iliyopita tajiri mmoja wa nyumba za wageni alijitokeza na nakala ya muhtasari wa kikao cha bodi, wa tarehe kumi na nne mwezi wa pili, uliosema kwamba bodi imekubali kumuuzia nyumba. Ijumaa angekuja na wakili wake kuchukua hati na funguo. Leo ilikuwa Jumatano, na wale kina mama hawakuwa na pa kwenda isipokuwa sakafu ya korido ya wodi.

Kwa mujibu wa karatasi, kikaoni walikuwepo watatu. Mwenyekiti, ambaye alifariki mwezi wa nne. Katibu, mwalimu mstaafu ambaye siku hizi aliitafuta miwani akiwa ameivaa. Na Mweka Hazina. Wajumbe wawili waliobaki walikuwa safarini, na ikaandikwa hivyo. Mweka Hazina alitangaza kwamba mnunuzi ni shemeji yake, akatoka nje kabla ya kura. Waliobaki wakaamua. Kwa maneno mengine, aliyeuza nyumba ni marehemu akisaidiwa na mtu anayesahau, na mtaalamu wa maandishi alikuwa ameshathibitisha kwamba sahihi za wote wawili ni za kweli.

Mweka Hazina alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Pale wote walimwita Mzee Utaratibu, naye jina hilo alilipenda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi likapigika, na mfukoni alikuwa na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usisumbuke, endelea na kazi." Akakaa, akaweka mikono magotini. "Nina neno moja tu, halafu nikuache. Jambo hili linaniumiza. Shemeji yangu ni shemeji yangu, sikatai. Ndiyo maana nilitangaza, nikatoka. Utaratibu ni utaratibu."

"Ulikaa nje muda gani?"

"Nusu saa hivi. Niliporudi nikaambiwa wameshaamua. Ningesema nini?"

"Na ukanyamaza miezi sita yote?"

"Mambo ya bodi hayatembezwi mitaani, mwanangu." Akapunguza sauti. "Ila ungeniuliza ni nani amekuwa akishikashika mafaili humu, ningekwambia umtazame Mkurugenzi wetu. Simsingizii. Siku hizi anasomea uongozi wa mashirika, kila Jumatano mchana yuko darasani. Kaja na majedwali, kaja na maneno mapya. Zamani alikuwa nesi, katulia zake."

"Yeye ndiye aliyetuletea malalamiko."

"Na wewe ni mpelelezi mzoefu," Mzee Utaratibu alisema kwa upole. "Hujawahi kumwona mtu akipiga kelele za mwizi huku mzigo kaubeba yeye?"

Inspekta alikuwa amewaona wengi. Alikereka, maana mzee alikuwa anasema kweli.

Mzee alipoondoka, Inspekta aliteremsha faili la mihtasari ya zamani, akaufungua mmoja popote. "Kikao kilifunguliwa saa nne na robo," alisoma. "Mwenyekiti alichelewa kwa ajili ya mvua. Mama wa kitanda cha saba aliingia kuuliza ufunguo wa stoo, akapewa. Mengineyo: hakuna. Chai ikanywewa, kikao kikafungwa." Ilibidi aume mdomo asicheke peke yake. Akafungua mwingine, na mwingine. Miaka tisa ya vikao, na yote ilikuwa ya namna hiyo. Kisha, mwezi wa pili mwaka huu, ghafla bin vuu, ajenda zenye namba! Ajenda ya pili iliitwa Tamko la Mgongano wa Maslahi, na mwishoni kulikuwa na jedwali la safu tatu: Hatua, Mhusika, Tarehe ya Mwisho.

Mkurugenzi aliingia na mtoto wa miezi saba mgongoni na rundo la mashuka mikononi. Daftari lake la kozi lilikuwa mezani. Inspekta alilivuta akalifunua bila kuomba ruhusa, na ukurasa wa nane ukamtazama: Hatua, Mhusika, Tarehe ya Mwisho. Juu yake, kwa herufi kubwa: Tamko la Mgongano wa Maslahi.

"Kozi hii mlianza lini?"

"Mwezi wa sita."

"Na jedwali hili?"

"Hilo ni somo la wiki ya tatu."

"Basi bodi yenu ni ya ajabu. Mwezi wa pili inaandika mambo ambayo wewe umefundishwa mwezi wa sita."

Mkurugenzi aliweka mashuka chini taratibu. "Ina maana muhtasari haukuandikwa mwezi wa pili."

"Hilo nimeshalijua. Ninalotaka kujua ni nani kauandika, na katika ofisi hii anayesoma kozi ni mmoja tu."

"Mwezi wa pili nilikuwa likizo ya uzazi!"

"Tumeshakubaliana haukuandikwa mwezi wa pili."

Mtoto akaanza kulia. Mkurugenzi alimtikisa mgongoni, macho yake yakiwa yamejaa machozi ya hasira. "Wiki ya tatu sikwenda darasani. Hayo niliyanakili kwa mwenzangu wiki iliyofuata, wakati wa chai. Tazama nilivyoyabananisha."

"Ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Mama wa kitanda cha kumi na moja alifiwa na mwanawe asubuhi ile. Ningemwacha na nani? Nilimpigia Katibu wetu simu hapa ofisini nikamwambia leo siendi darasani."

Inspekta alimwonea huruma. Kisha akajikumbusha kwamba katika kazi hii alishawahi kuwaonea huruma washukiwa watatu, na wawili kati yao walikuwa jela.

Alipobaki peke yake alitoa rula. Hakuwa na hakika anatafuta nini. Alijua tu kwamba macho yake yalikuwa yakikwama chini ya ukurasa. Akapima nafasi kati ya mistari iliyochapwa. Juu mistari ilipishana kwa raha. Kuanzia katikati ikaanza kubanana, na ile miwili ya mwisho, chini ya jedwali, ilisongwa mpaka herufi zikakaribia kuikanyaga sahihi ya Mwenyekiti. Chini ya sahihi, ukurasa ulikuwa mweupe. Mtu akiandika kwanza ndipo watu wasaini, hana haja ya kujibana. Hapa sahihi ndizo zilizotangulia, na maneno yakaja kutafutiwa mahali.

Katibu, yule mwalimu mstaafu, alikuwa uani akikunja nguo zilizokauka. Wote walimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunikamata au umekuja kuuliza?"

"Kuuliza."

"Basi shika upande huo wa shuka tukunje."

Wakakunja. Inspekta aliuliza kama sahihi ni yake, naye akajibu kwamba ni yake, ameshasema ni yake, na wamuulize mara mia itabaki kuwa yake.

"Na kikao chenyewe unakikumbuka?"

Mwalimu alishusha shuka. "Sikikumbuki. Hapo ndipo ninapokufa, mwanangu. Nikisahau chungu motoni, sawa. Nikisahau jina la mjukuu, tutacheka naye. Lakini kama nimewauza hawa halafu nikasahau..." Alielekeza kidevu kwenye kamba, ambako kulikuwa na vijishati na visoksi vya watoto. "Usiku silali. Najiuliza, je, ikiwa kweli nilifanya?"

"Mwalimu, wewe na marehemu mliwahi kusaini karatasi tupu?"

Mikono ya bibi ilisimama. Alitazama mlango wa ofisi, akatazama chini.

"Marehemu alisema tusimwambie mtu."

"Hatakukasirikia."

"Alipolazwa, kila barua ya kumpatia mtu kitanda ilitaka sahihi mbili, yake na yangu. Ningepanda ngazi za wodi kila siku kwa magoti haya? Akasaini karatasi kumi, nami nikasaini pembeni yake. Tukazitia kwenye faili la bluu, kabatini. Tulijua si vizuri. Lakini mtu kafika na mgonjwa, utamwambia angoje mpaka Mwenyekiti apate nafuu?"

"Ulitumia ngapi?"

"Sita. Hilo nalikumbuka, kwa sababu niliwaandikia watu sita, na nakala zake zimo."

Walikwenda kabatini pamoja. Faili la bluu lilikuwa na nakala za barua sita na karatasi tupu zilizosainiwa. Inspekta alizihesabu, akampa Mwalimu azihesabu, kisha akazihesabu tena. Zilikuwa tatu.

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa meza kama mtu aliyeteremshwa mzigo kichwani. "Kwa hiyo sikusahau," alisema. "Hakikuwepo cha kukumbuka." Akaanza kulia, na Inspekta akajifanya anapanga mafaili mpaka alipomaliza.

"Ufunguo wa kabati wanao akina nani?"

"Mimi, Mkurugenzi na Utaratibu."

"Na hii desturi ya mjumbe kutoka nje wakati wa kura, mlikuwa nayo?"

Mwalimu alicheka katikati ya machozi. "Kutoka nje? Humu hatujawahi kumtoa mtu nje. Shida yetu ilikuwa kuwazuia wasiingie."

Saa nane mchana Inspekta alikuwa ameketi nyuma ya darasa, ghorofa ya pili ya jengo la maktaba, miongoni mwa watu thelathini wa mashirika madogo madogo: wa shule ya viziwi, wa uchangiaji damu, wa kuokoa mbwa wa mitaani. Kiti cha Mkurugenzi wa Nyumba ya Wauguzaji kilikuwa kitupu. Mkufunzi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili.

"Kiongozi bora ni yule ambaye bila yeye shirika haliwezi kwenda. Kweli au si kweli?"

Mikono zaidi ya kumi ilinyooka kusema kweli.

"Shusheni mikono, jamani, mnaniaibisha! Hiyo ndiyo dalili ya shirika linalongoja msiba. Mwanzilishi akifa, na funguo zinakufa naye. Nendeni chai, mkirudi tutalizungumza."

Inspekta alimkabili kabla hajafika kwenye birika, akaomba daftari la mahudhurio. Wiki ya tatu, mbele ya jina la Nyumba ya Wauguzaji, kulikuwa na herufi tatu zilizoandikwa kwa usafi wa kupendeza, k.n.y., yaani kwa niaba ya, na sahihi ambayo haikuwa ya Mkurugenzi. Wino wa bluu, na mstari umepigwa chini yake kwa nyekundu.

"Huyu unamkumbuka?"

"Namsahau vipi? Mzee mmoja, shati kama limetoka dukani sasa hivi. Alisema Mkurugenzi wake kapata dharura, na kwa kuwa ada imeshalipwa, si vizuri kiti kikae bure. Nikampenda."

"Aliuliza maswali?"

"Swali moja, mara tatu. Mjumbe mwenye maslahi akitangaza, akatoka nje, na jina lake likaandikwa kwamba katoka, uamuzi unasimama? Nikamwambia unasimama, ila lipo sharti moja tutakalolisoma wiki ya nne. Wiki ya nne akarudi mwanafunzi wangu, huyo mzee sikumwona tena."

Inspekta alifungua kinywa kuuliza ni sharti gani, na simu yake ikalia. Alikuwa Mkurugenzi, akinong'ona.

"Inspekta, wamekuja leo! Hawakungoja Ijumaa. Mzee Utaratibu amewakaribisha ndani na hati iko mezani."

Alipofika, jasho likimtiririka, alimkuta tajiri wa nyumba za wageni amekalia kile kiti kibovu kwa tahadhari, na wakili wake amefungua mkoba. Mwalimu alisimama dirishani. Mkurugenzi alikuwa ameegemea kabati kana kwamba analizuia lisikimbie. Mzee Utaratibu peke yake ndiye aliyekuwa ametulia.

Inspekta aliweka daftari la mahudhurio mezani, akaeleza. Alisema habari ya jedwali lililofundishwa mwezi wa sita, ya mistari iliyobanwa, ya karatasi kumi ambazo sasa ni tisa. Alisema yote kwa mpangilio, bila kupaza sauti. Mzee Utaratibu alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Nilikwenda darasani, ndiyo," alisema. "Kusoma ni kosa?"

"Hukumwambia Mkurugenzi."

"Sikutaka ajione amefanya uzembe. Na hilo jedwali, mbona unaliona geni? Marehemu alikuwa msomi. Huenda alilijua kabla ya huyo mkufunzi wako. Karatasi iliyopungua, muulize Mwalimu. Yeye mwenyewe anakiri anasahau."

Mwalimu aligeuka kutoka dirishani.

"Inspekta," wakili alisema, "una mashaka, na mashaka yapelekwe mahakamani. Huko yatakaa miaka miwili, mitatu. Kwa sasa nina muhtasari wenye sahihi mbili ambazo mtaalamu wenu wenyewe kazithibitisha. Mteja wangu anachukua nyumba yake leo."

Inspekta alijua wakili hakosei. Kesi angeishinda, lakini wakati huo kina mama wangekuwa wameshalala koridoni misimu mingapi?

"Naomba niulize," Mkurugenzi alisema.

Wote walimtazama. Alikuwa amefunua daftari lake la kozi, si ukurasa wa nane, bali ule unaofuata.

"Mzee, ulitoka nje kabla ya kura?"

"Nimesema mara kumi."

"Hukurudi mpaka walipomaliza?"

"Sikurudi. Limeandikwa hapo, na jina langu lipo."

"Wakili, umeyaandika hayo?"

"Nimeyaandika," wakili alijibu, akiwa amechoka naye.

Mkurugenzi alifungua kabati, akatoa kijitabu chenye jalada lililochanika, katiba ya shirika, akatafuta ukurasa kwa kidole. "Kifungu cha kumi na mbili. Akidi. 'Uamuzi wowote wa bodi utakuwa batili iwapo wajumbe waliomo ndani ya kikao wakati wa kupiga kura ni pungufu ya watatu.'" Aliinua macho. "Tumesoma wiki ya nne. Mkufunzi alisema watu wengi huhesabu wanaoingia, wanasahau kuhesabu wanaotoka." Kisha akanyoosha kidole kimoja. "Mwenyekiti." Akanyoosha cha pili. "Mwalimu."

Alikaa hivyo, vidole viwili hewani.

Wakili aliupokea ule muhtasari, akausoma kuanzia mahudhurio hadi jedwali. Akaichukua katiba, akaisoma nayo. Halafu akaanza kurudisha karatasi zake mkobani, moja moja.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee Utaratibu. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anaharakisha maneno. "Kutoka, kutoka... nilisimama pale mlangoni tu. Mtu akisimama mlangoni hajatoka."

Inspekta alivuta kitabu chake, akafungua kalamu. "Tuelewane, mzee, niandike vizuri. Mguu ulikuwa ndani au nje? Ukiwa nje, walikuwa wawili, na uamuzi haupo. Ukiwa ndani, umepiga kura ya kumuuzia shemeji yako, na muhtasari wako unasema uongo. Chagua, nakungojea."

Mzee Utaratibu alitazama mlango kama anayejaribu kweli kukumbuka alisimama wapi siku ambayo haikuwepo. Shemeji yake aliinuka, akatoka bila kuaga, na wakili akamfuata.

Mlango haujafungwa sawasawa, akachungulia mwanamke mwenye beseni kichwani.

"Samahanini. Nilikuwa naomba ufunguo wa stoo, nichukue sabuni."

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye kishada cha Mzee Utaratibu, pamoja na wa kabati. Inspekta alinyoosha kiganja. Mzee akafungua kishada kiunoni mwake, akakiweka juu ya kiganja kile. Inspekta akampa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akachomoa mmoja akampa yule mama.

Mwalimu alikuwa ameshavuta kiti. Aliishusha miwani kutoka kichwani, akachukua karatasi nyeupe isiyo na sahihi ya mtu, akaandika tarehe ya leo juu kabisa. Akaanza na lile alilokuwa na hakika nalo.

"Mama wa kitanda cha tano aliingia kuuliza ufunguo wa stoo," aliandika. "Akapewa."